Askari wa Njia Panda Tusiyemwona

Kila aliyepata kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kaskazini anaijua Segera. Hapo, katika wilaya ya Handeni, barabara itokayo Chalinze hugawanyika: magari ya Tanga hushika mkono wa kulia kupitia Hale na Muheza, na yale ya Moshi na Arusha hushika mkono wa kushoto kupitia Korogwe. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, hununua machungwa, kisha kila basi hushika njia yake. Hakuna ashangaaye kwamba basi la Lushoto halikufika Pangani kwa makosa. Lakini lau vibao vyote vingeng'olewa usiku, na madereva wote wakawa wageni wasioijua nchi, asubuhi yake tungaliona fujo isiyo na mfano, na mizigo ya Arusha ingelala Tanga.

Iko njia panda nyingine, nayo haina vumbi la barabarani wala wauza machungwa, na wengi wetu tunaishi jirani nayo bila kuijua. Ni kisanduku cha chuma, ambacho aghalabu hakizidi sana ukubwa wa tofali, kilichofungwa ndani ya kabati katika vituo vya umeme, viwandani, bandarini na kando ya mabomba ya mafuta. Mafundi hukiita swichi ya mtandao. Asije msomaji akadhani twazungumza habari ya swichi ya ukutani ya kuwashia taa. Jina ni moja lakini hazina undugu. Swichi ya ukutani hukata na kuunga umeme. Swichi ya mtandao hupokea habari kutoka mtambo mmoja, huangalia habari hiyo yatakiwa kwenda wapi, kisha huipeleka huko tu na si kwingine. Kazi yake ndiyo kazi ya Segera.

Nasi hatukuitaja Segera kwa mfano tu. Ukitoka hapo kuelekea Tanga, baada ya mwendo mfupi wafika Hale, katika wilaya ya Korogwe, ambako mto Pangani hushuka kwa nguvu. Kampuni ya umeme ya TANESCO ilianzishwa mwaka 1931, na katika miaka ile ya 1930 mto huu ulianza kuwekwa kazini penye Maporomoko ya Pangani, ili mji wa Tanga na mashamba ya mkonge yapate nguvu. Mwaka 1964 kikaja kituo cha Hale chenye mitambo miwili na uwezo wa megawati 21. Juu zaidi mtoni, penye bwawa la Nyumba ya Mungu, kikajengwa mwishoni mwa miaka hiyo kituo cha megawati 8; na mwaka 1995 kikafunguliwa kituo kipya cha Pangani, chini ya Hale, chenye megawati 68. Basi maji ni yale yale. Yanayofunguliwa juu ndiyo yanayotumika Hale, na yakishatumika Hale yanashuka kufanya kazi tena chini. Kwa hiyo hapana budi habari iyatangulie maji.

Katika siku za mwanzo habari hiyo ilichukuliwa na mtu. Mfanyakazi wa zamu alisoma mishale ya vipimo, akaandika katika daftari, akapiga simu. Kila kipimo kilichotakiwa kuonekana katika chumba cha kuongozea kilivutiwa waya wake peke yake, hata mafungu ya waya yakawa manene kama mkono wa mtu mzima. Yasemwa na wengi siku hizi kwamba kazi ile ilikuwa ya kizamani. Sisi twasema ilikuwa kazi ya adabu kubwa, maana waya ukikatika fundi alijua ni upi, na mtu akikosea jina lake lilikuwa daftarini.

Leo vipimo vimejifunza kusema kwa tarakimu, na vingi hutumia njia moja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mataifa yana kanuni iitwayo IEC 61850, inayoeleza jinsi vyombo vya kituo cha kupoza umeme vinavyopaswa kuzungumza. Kimoja katika vyombo hivyo ni rilei, ambayo ni mlinzi anayenusa hitilafu na kutoa amri umeme ukatwe kabla transfoma haijaungua au mtu hajauawa. Amri za namna hiyo hutakiwa kufika kwa milisekunde 3, yaani sehemu tatu katika sehemu elfu za sekunde. Umeme wetu hupiga mawimbi 50 kila sekunde. Basi amri yatakiwa ifike kabla hata robo ya wimbi moja haijapita. Na inapopita njiani, hupita ndani ya kile kisanduku.

Mwanzo wa mambo haya haukuwa viwandani. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Robert Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox huko California, alibuni njia ya kuunga kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Ilikuwa kama baraza ambamo wote husikia kila neno, na wawili wakianza kusema pamoja, wote wawili hunyamaza kidogo kisha hujaribu tena. Kwa ofisi jambo hilo lilifaa, kwani barua ikichelewa kidogo hakuna aliyekufa. Swichi, iliyoanza kuuzwa karibu na mwaka 1990, ndiyo iliyoleta utaratibu: hujifunza yenyewe kila mtambo uko kwenye tundu gani, ikayaandika hayo katika kumbukumbu yake, na tangu hapo haimpigii kelele asiyehusika.

Sasa swichi zenyewe ziko za namna mbili. Namna ya kwanza hupokea na kupeleka, basi. Huwezi kuiuliza kitu wala kuiamuru. Namna ya pili ndiyo ile inayosimamiwa. Hiyo hukubali maagizo: tundu hili lifungwe kwa kuwa halina mwenyewe, kamera za ulinzi ziwe na njia yao, zisichanganyike na amri za rilei, habari ya hatari ipite kwanza kama gari la wagonjwa linavyopishwa barabarani. Tena huweka kitabu cha matukio. Ukiiuliza usiku wa jana kumetokea nini, itakujibu kwamba saa fulani, dakika fulani, waya wa tundu la nne ulipotea ukarudi. Mtu aliyewahi kutafuta hitilafu kwa siku mbili akiwa na tochi na bisibisi ataithamini sana sifa hiyo.

Tuje kwenye ugumu wa mwili wake. Swichi ya ofisini imetengenezwa kwa ajili ya chumba chenye ubaridi, kwa kawaida joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Kibanda cha bati kilichopigwa na jua la Handeni mchana kutwa hakiijui hesabu hiyo. Swichi ya kiwandani hutengenezwa istahimili kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri, ambazo sisi hatuna haja nazo, hadi nyuzi 75 juu ya sifuri, ambazo tunazo haja sana ndani ya kabati lililofungwa. Haina feni, maana feni ni mdomo wa kumezea vumbi. Joto lake hutokea kwenye bati lake nene lenye mapezi. Hupokea umeme kutoka sehemu mbili ili moja ikishindwa nyingine ichukue. Na kwa vituo vya umeme kuna mtihani mkali zaidi, wa kanuni za IEC 61850-3 na IEEE 1613. Kikata umeme kikubwa kinapofunguka hutoa mshindo wa umeme usioonekana, unaoweza kuvuruga chombo chochote kilicho karibu. Katika daraja la juu la mtihani huo, swichi haitakiwi kupoteza hata neno moja wakati wa mshindo. Wala si ajabu, kwani wakati wa hitilafu ndio wakati hasa ambapo amri inatakiwa ifike.

Radi za masika nazo zina hesabu yake. Waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine huvuta balaa la radi mpaka ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo mafundi hupenda nyuzi za kioo, ambazo hubeba mwanga na hazibebi umeme. Na nyuzi hizo nchi yetu inazo: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, ulitumia pia nyuzi zilizokuwa zimekwisha kuwekwa juu ya nguzo kubwa za umeme. Hata bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilometa 1,443, ambalo njia yake inakata Handeni na Korogwe, limepangiwa mkongo wake wa kwenda nalo sambamba. Mafuta yale huganda kama samli yakipoa, hivyo ni lazima yawekwe katika joto la nyuzi 50 na zaidi njia nzima. Je, nani atamwambia msimamizi wa Tanga kwamba mahali fulani joto limeshuka, ikiwa kisanduku cha njiani kimezimia kwa jua?

Mwandishi wa makala haya alipata kuonyeshwa, katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, swichi ya ofisini iliyotundikwa kwa kamba karibu na mashine. Feni yake ilikuwa imeota manyoya ya vumbi. Ilipokufa, mashine zote zilisimama zamu mbili, wafanyakazi wakakaa chini ya mwembe wakingoja, na mkubwa wa ununuzi akaenda dukani kuleta nyingine ya namna ile ile, kwa sababu ilikuwa rahisi. Ya pili haikumaliza masika. Ni kweli kwamba swichi ya kiwandani huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya ile ya ofisini, na mtu wa hesabu akiona karatasi mbili za bei mbele yake huona anaokoa fedha. Karatasi ya tatu, yenye mshahara wa zamu mbili zilizokaa chini ya mwembe, hakuna aliyemletea.

Hata hivyo ubovu wa kisanduku si hofu yetu kubwa. Kisanduku kizuri, kilichonunuliwa kwa fedha nyingi, chaweza kuleta madhara makubwa kuliko kibovu, ikiwa hakuna anayekisimamia.

Chukua habari ya pete. Kwa miaka mingi mtu wa Dar es Salaam aliyekwenda Tanga kwa gari alitegemea barabara moja ya Chalinze na Segera, na juu yake daraja jembamba la Wami ambalo magari yalipishana kwa zamu, hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022. Gari moja likianguka hapo, kaskazini nzima ilingoja. Dawa yake ni njia ya pili. Na ndiyo maana katika miaka hii ya 2020 barabara ya pwani ya Bagamoyo, Pangani na Tanga iliwekwa katika kazi ya lami. Njia mbili zikikutana huku na huku, tayari zimefanya pete. Mafundi wa mitandao hufanya vivyo hivyo: huziunga swichi katika pete, ili uzi ukikatika upande mmoja habari izunguke upande wa pili.

Lakini mtandao una tabia moja ambayo barabara haina. Gari haliwezi kuzunguka pete milele, maana petroli itaisha. Habari iliyokusudiwa wote, ikiingia katika pete iliyo wazi pande zote, huzunguka bila kukoma, na katika kila mzunguko huzaa nakala zake, hata baada ya sekunde chache njia zote zikajaa na mtandao mzima ukazibwa. Mafundi huita hali hiyo dhoruba. Mwaka 1985 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, Radia Perlman, alitunga utaratibu wa kuiepuka: swichi zishauriane zenyewe, zifunge kipande kimoja cha njia, na zikifungue tu kipande kingine kikikatika. Utaratibu wake wa mwanzo ulihitaji nusu dakika na zaidi kujipanga upya. Wa baadaye, uliotengenezwa mahsusi kwa viwanda, hutakiwa kumaliza katika milisekunde 200, ambazo ni kama kupepesa jicho. Kwa amri ya rilei hata kupepesa jicho ni muda mrefu mno, kwa hiyo upo utaratibu mwingine unaotuma kila habari mara mbili, katika mitandao miwili, kama mtu atumaye barua moja kwa basi la Segera na nakala yake kwa basi la Pangani. Ifikayo kwanza husomwa, na ya pili hutupwa.

Yote haya hufanyika tu ikiwa mtu ameyaagiza. Swichi inayosimamiwa ikitolewa katika boksi na kufungwa ukutani bila kuagizwa kitu, huenda ikafanya kazi kama ile ya rahisi, na fedha zilizolipwa zikawa zimelipia mapezi ya bati peke yake.

Tarehe 19 Agosti 2006, katika kituo cha umeme wa atomiki cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, habari nyingi kupita kiasi katika mtandao ziliwazubaisha waongozaji wa pampu mbili kubwa za kuzungusha maji katika tanuri namba 3. Pampu zikasimama, na wafanyakazi wakalazimika kulizima tanuri kwa mikono yao. Hakuna aliyeumia. Lakini hakukuwa na adui wala moto wala ajali. Ni kelele tu za mtandao usiogawanywa vema. Ikiwa yalitokea kwa wenye atomiki, wenye maji ya mto wasijione wako mbali.

Tena yako yale yanayoletwa na adui. Tarehe 23 Desemba 2015, huko Ukraine, watu waliojipenyeza kwa njia ya kompyuta walifungua vikata umeme vya makampuni matatu ya kusambaza umeme, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani. Kabla ya kuondoka waliharibu akili ya visanduku vidogo vilivyounganisha vituo na chumba cha kuongozea, ili visiweze kuamriwa tena kutoka mbali. Umeme ulirudi baada ya saa chache. Je, uliporudi ulirudishwa na nini? Haukurudishwa na kompyuta. Ulirudishwa na mafundi waliopanda magari, wakaenda kituo hata kituo, wakafunga vikata umeme kwa mikono, kwa kuwa walikuwa bado wanaijua kazi yao ya zamani.

Na mwaka 2012, miaka mitatu kabla ya hayo, ulimwengu wa mafundi ulipata habari iliyowaudhi wengi. Swichi za kampuni ya RuggedCom ya Canada, zilizosifika kwa ugumu na kufungwa katika vituo vya umeme vya nchi nyingi, zilionekana kuwa na mlango wa nyuma: jina la siri la kiwandani, ambalo mwenye swichi hakuweza kulifuta, na neno lake la siri lilihesabiwa kutokana na namba ya chombo chenyewe. Mtafiti mmoja alilitangaza jambo hilo hadharani, na kampuni ikatoa programu ya marekebisho. Wale waliokuwa na fundi anayejua swichi zake ziko wapi walizirekebisha. Wale ambao swichi zao zilifungwa na mkandarasi aliyekwisha kurudi kwao, walikuwa na mlango wazi wasiojua uko nyumba gani.

Hapo ndipo penye neno letu. Wengi huuliza mtambo umetoka nchi gani. Swali hilo si baya, lakini kwa kisanduku hiki swali zito zaidi ni nani aliye na ufunguo wake. Ni jambo la kawaida, si kwetu tu, mradi kumalizika, mkandarasi kupewa mkono wa kwaheri, na maneno ya siri yakaondoka naye katika kompyuta yake. Au mabaya kuliko hayo, neno la siri likabaki lile lile lililochapwa katika kitabu cha kiwandani, ambalo mtoto yeyote mwenye simu aweza kulisoma. Kituo ni cha wananchi, transfoma ni ya wananchi, na njia panda inaongozwa kwa ufunguo ulio mfukoni mwa mgeni. Sisi hatuoni kwamba mtu wa namna hiyo amekabidhiwa kazi yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaamka gizani. Hatusemi hata kidogo kwamba swichi za mtandao ndizo zilizokosa. Twasema kwamba katika saa kama hizo, mtu aliyeko katika kituo cha mbali, mwenye nyaya za kilovolti 132 juu ya kichwa chake, anahitaji kujua mara moja nini kimeondoka na nini kimebaki, na habari hiyo haina njia nyingine. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, yaani karibu mara mia ya Hale. Mtandao ukikua hivyo, na njia panda zake huongezeka.

Kwa hiyo yafaa wafanyakazi wenyewe, katika mabaraza yao na katika kamati za zabuni wanamoingia, wayadai mambo haya kwa maandishi kabla ya mkono wa kwaheri. Swichi iwe imepita mtihani wa mahali itakapofungwa, si mtihani wa ofisini. Ramani ya mtandao iachwe, tena iwe katika lugha ambayo fundi wa zamu anaisoma bila mkalimani. Maneno ya siri yote yabadilishwe mbele ya mashahidi siku ya makabidhiano, yaandikwe, yatiwe katika bahasha, na bahasha ifungwe katika sanduku la chuma la kituo. Matundu yasiyotumika yafungwe. Maagizo yaliyotiwa katika kila swichi yanakiliwe na kuwekwa mahali pengine, ili kisanduku kikifa saa nane ya usiku, aliye zamu aweze kufunga kingine na kukirudishia akili ile ile bila kupiga simu Ulaya. Na mafundi wawili wafundishwe, si mmoja, maana mmoja huugua, huhamishwa, au huajiriwa na jirani kwa mshahara mkubwa zaidi.

Hilo la mwisho ndilo hukatwa kwanza bajeti inapopungua. Huonekana ni anasa kumpeleka fundi wa Korogwe darasani wiki mbili kwa ajili ya kisanduku kisichofika kilo mbili.

Iko kazi moja ndogo ambayo haihitaji fedha. Mara mbili kwa mwaka, katika saa ambayo mzigo ni mdogo na baada ya kupata ruhusa ya chumba cha kuongozea, fundi afungue kabati, achomoe uzi mmoja wa pete kwa makusudi, na mwenzake wa upande wa pili aangalie kioo. Ikiwa habari haikukatika, uzi urudishwe, na saa yake iandikwe daftarini pamoja na majina ya wote wawili. Ikiwa imekatika, basi wamelijua jambo hilo katika usiku wa utulivu waliouchagua wenyewe, wakati mvua haijaanza.